Gari Linapochemsha: "Lini" Kabla ya "Kipi"

Katika lugha ya gereji, gari ambalo injini yake imepata joto kupita kiasi husemwa kuwa "linachemsha", na neno hilo, ingawa limezaliwa mtaani, lina usahihi wa kisayansi, kwa kuwa kinachoiponza injini si joto lenyewe, ambalo ni sehemu ya kazi yake ya kila siku, bali ni maji yaliyofika kiwango cha mchemko, yakageuka mvuke na kushindwa kulichukua joto hilo. Kuchemsha, kwa hiyo, ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili katika mwili wa binadamu, na kama homa inavyoweza kuletwa na malaria, taifodi au kidonda kilichoingia vijidudu, ndivyo kuchemsha kunavyoweza kuletwa na rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, thamostati iliyokwama au gasketi iliyoungua. Fundi anayebadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka joto lishuke anafanana na mganga anayegawa dawa za malaria kwa kila mwenye homa bila kupima damu: huenda siku moja akapatia, lakini gharama ya kubahatisha kwake hubebwa na mwenye gari.

Safari ya joto

Mchanganyiko wa petroli na hewa unapowaka ndani ya silinda, gesi zake hupanda kwa kitambo kifupi mno hadi kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali aluminiamu, ambayo ndiyo inayotengenezewa pistoni na hedi za injini nyingi, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa makadirio ya jumla, thuluthi moja ya nishati ya mafuta ndiyo inayosukuma gari, thuluthi nyingine hutoka na moshi kupitia ekzosi, na thuluthi inayobaki huingia katika kuta za injini, ambako ni lazima iondolewe bila kukoma. Kazi hiyo hufanywa na maji yanayosukumwa na pampu kupitia njia zilizomo ndani ya bloki na hedi, kisha yakapita katika mirija myembamba ya rejeta, ambako upepo huyapoza kabla hayajarudi kuanza mzunguko upya.

Maji hayo hayaachwi wazi hewani. Mfuniko wa rejeta una springi na mpira unaoyabana mpaka shinikizo lifikie kiwango kilichochapwa juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1, yaani karibu shinikizo zima la angahewa likiongezwa juu ya lile la kawaida, na kubanwa huko ndiko kunakoyafanya maji ya kawaida yachemke karibu na nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wa mfuniko ukipasuka au springi ikilegea, kinga hiyo hutoweka, na athari yake huwa kubwa zaidi nyanda za juu, kwa kuwa katika mji kama Nairobi, ulioko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kiwango ambacho injini nyingi hukifikia zikiwa katika kazi ya kawaida kabisa. Kulanti, ambayo ni mchanganyiko wa maji, ethilini glaikoli na viungo vya kuzuia kutu, huongeza nyuzi chache juu ya hizo, lakini faida yake kubwa katika nchi za joto ni kulinda madini yasiliwe.

Shinikizo hilo hilo ndilo linaloufanya mfuniko wa rejeta yenye moto kuwa hatari. Maji yaliyo kwenye nyuzi 115 yakifunguliwa ghafla hayawezi kubaki maji yote, na katika kila lita moja, gramu 27 hivi hugeuka mvuke papo hapo; kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini mvuke huo huhitaji nafasi ya lita 45 au zaidi, na nafasi hiyo huitafuta kwenye uso na mikono ya aliyefungua. Ukaguzi wowote wa maji, basi, huanza injini ikiwa imepoa.

Saa ya kuchemsha

Dalili yenye thamani kuliko zote ni wakati ambapo joto linapanda. Gari linalochemsha katika foleni lakini likapoa mara linapopata barabara nyeupe huelekeza kidole kwenye feni, kwa sababu gari likienda kasi upepo wa safari hupita wenyewe katika rejeta, ilhali likisimama hakuna anayeuvuta upepo huo isipokuwa feni. Ikiwa feni ni ya umeme, hukaguliwa fyuzi, relei na swichi inayohisi joto la maji. Ikiwa inazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, injini huzimwa na feni kuzungushwa kwa mkono, na ile inayozunguka kwa ulaini kama pia, bila ukinzani wowote, klachi yake imekwisha.

Hali hugeuka kwa gari linalotulia mjini lakini likachemsha kwenye mwendo mkali au kwenye mpando mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, ambako lenye mzigo hupanda kwa gia nzito, likichoma mafuta mengi huku upepo wa mbele ukiwa hafifu. Joto linalozalishwa huongezeka kadiri mafuta yanavyochomwa, na rejeta iliyoziba nusu, ambayo ilitosha kwa kazi ndogo, haitoshi tena. Sababu ya kuziba mara nyingi ni maji yenyewe. Maji ya visima vya pwani huwa na chumvi, na ya maeneo mengi ya bara huwa na chokaa, na yakipashwa joto mara kwa mara huacha utando mgumu mweupe kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, utando ambao hupitisha joto kwa shida sana ukilinganishwa na shaba au aluminiamu, huku chumvi ikiitafuna hedi kimyakimya. Rejeta za zamani za shaba zinaweza kufunguliwa na fundi rejeta, akapitisha ufito mwembamba katika mirija na kuichomelea tena, lakini zile za aluminiamu zenye matangi ya plastiki mara nyingi hubadilishwa nzima. Kabla ya kufika huko hutazamwa pia mpira wa chini, ambao ukilegea hunywea injini inapokwenda kasi kwa kuwa pampu inafyonza maji kupitia humo, na pampu yenyewe, ambayo mapezi yake yakiliwa na kutu huzunguka bila kusukuma kitu.

Aina ya tatu ni gari linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, kabla halijafanya kazi yoyote ya maana. Hapa washukiwa wakuu ni wawili: thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au gasketi.

Sufuria, uzi na kipimajoto

Thamostati ni mlango unaojifungua wenyewe. Ndani yake mna kikopo kidogo cha nta maalumu ambayo huyeyuka na kutanuka kwenye joto lililochaguliwa, mara nyingi nyuzi 82 hivi, ikausukuma mhimili na kuufungua mlango, na maji yakipoa nta huganda na springi huufunga tena. Mbinu hiyo ya nta ilibuniwa na Sergius Vernet mwaka 1934, na imedumu kwa sababu haihitaji umeme wala marekebisho.

Kuipima hakuhitaji zaidi ya vitu vya jikoni. Thamostati hutundikwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini wala pembeni, kipimajoto kikawekwa kando yake, kisha moto ukawashwa taratibu. Ikiwa uzi umebanwa kwenye mlango wenyewe, thamostati huchomoka na kuanguka pindi mlango unapoanza kuachia, na joto linalosomwa wakati huo hulinganishwa na namba iliyochapwa kwenye bati lake. Ikiwa maji yanachemka na mlango bado umefumba, mkosaji amepatikana.

Desturi iliyoenea ya kuing'oa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi za joto haziihitaji, haina msingi. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi, na unyevu unaotokana na mwako hubaki ndani ya oili badala ya kukauka. Isitoshe, katika baadhi ya injini thamostati ina kisahani cha pili ambacho huziba njia ya mkato maji yanapopata moto, na ikiondolewa, sehemu ya maji hayo hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta, hivyo tiba ikawa chanzo cha ugonjwa ule ule.

Kitambaa cha katikati

Gasketi ya hedi ni utando uliobanwa kati ya bloki na hedi ili kutenganisha gesi, maji na oili. Bloki za injini nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu na hedi zake ni za aluminiamu, madini ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, kwa hiyo kila kuchemsha huisugua gasketi na huweza kuipinda hedi. Kwa injini nyingi ndogo za Kijapani, mpindo unaozidi milimita 0.05, ambao ni mwembamba kuliko unywele, unatosha kuifanya hedi irudi kuchongwa. Gasketi ikipasuka kuelekea njia ya maji, gesi zenye shinikizo kubwa mno kuliko la rejeta huvamia maji, na ushahidi wake ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta iliyofunguliwa kabla ya injini baridi kuwashwa, mpira wa juu unaokakamaa kabla haujapata moto, maji yanayopungua bila kuvuja popote, moshi mweupe usiokwisha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Uthibitisho hutolewa na kimiminika cha buluu ambacho hugeuka manjano kikikutana na kabonidayoksaidi ndani ya hewa ya rejeta.

Hata geji ya joto huhitaji kusomwa kwa tahadhari. Sensa yake imetengenezwa kuoga ndani ya maji, na maji yakishuka chini yake hubaki ikipima hewa na mvuke, hivyo mshale unaoanguka ghafla baada ya kupanda huenda usiwe habari njema bali tangazo kwamba maji yamekwisha.

Ugumu wa uchunguzi huu umo katika jambo moja: gari hufika gereji likiwa limepoa, na kilichotokea barabarani kimekwisha kutoweka. Vifaa vya fundi huanza kazi pale kumbukumbu za dereva zinapoishia, na dereva anayeweza kueleza kama ilikuwa foleni au mlima, kama kiyoyozi kilikuwa kimewashwa, na ni lita ngapi za maji zilizoongezwa tangu Jumapili, amekwisha kuwaondoa nusu ya washukiwa kabla boneti haijafunguliwa.