Kwa Vijana Wetu Wanaokwenda Thailand Kufundisha Kiingereza



Miezi hii ya karibuni tumewapokea ofisini vijana kadhaa wanaoomba cheti cha ubatizo na barua ya utambulisho, kwa kuwa wanakwenda Thailand kufundisha Kiingereza. Wazazi wao hutuuliza swali moja tu: je, kazi hiyo ni ya kweli? Kazi ipo, ila njia ya kuifikia ina mitego, na mmojawapo umekwisha kuwanasa vijana wa Afrika Mashariki.

Tangu mwaka 2022 tumesikia habari za Wakenya waliookolewa baada ya kuahidiwa kazi nzuri Thailand, kumbe walivushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika makambi ya utapeli wa mtandaoni. Kwa hiyo wakala anayemwambia kijana aingie kwa visa ya utalii, eti karatasi zitafuata, asisikilizwe. Mwalimu halali ana shahada, ana mkataba wenye jina la shule, na huomba visa ya kazi katika ubalozi wa Thailand, kwa mfano ule wa Nairobi. Akifika, shule humshughulikia kibali cha kazi, na baraza la walimu la nchi hiyo humpa ruhusa ya kufundisha. Kisha kila siku 90 huripoti anwani yake uhamiaji. Tusifiche pia kwamba baadhi ya shule hupendelea sura nyeupe kuliko ufundishaji mzuri. Kijana wetu ajue hilo kabla ya kupanda ndege, lisije likamvunja moyo akiwa peke yake.

Maisha ya shule huanza mapema. Saa mbili kamili asubuhi wimbo wa taifa hupigwa na watu wote husimama. Salamu ni kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Viatu huvuliwa mlangoni, nasi watu wa pwani hatuna la kujifunza hapo. Lakini kumpapasa mtoto kichwani, jambo ambalo kwetu ni upendo, kule ni kukosa adabu. Mwezi wa Juni wanafunzi hupiga magoti na kuwatolea walimu maua na nyasi: nyasi huashiria ustahimilivu, na ua la bilinganya, linaloinamisha kichwa, huashiria unyenyekevu. Binti mmoja wa parokia alituandikia akiuliza kama kupokea maua hayo ni kushiriki ibada ya miungu. Tulimjibu ayapokee kwa furaha, maana ni heshima kwa mwalimu. Kama kuna sala za Kibuddha, asimame kwa utulivu bila kuzishiriki.

Wakatoliki kule hawafiki hata mmoja kati ya watu mia, lakini Kanisa lao lina mizizi. Mwenye Heri Philip Siphong, mwalimu na katekista wa kijiji cha Songkhon, aliuawa mwaka 1940 pamoja na wanawake na wasichana sita walioikiri imani yao, na Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenye heri mwaka 1989. Bangkok, parokia ya Holy Redeemer huadhimisha Misa kwa Kiingereza. Vijijini Misa ni kwa Kithai, na kanisa huenda likawa mbali. Kijana aulize hilo kabla ya kukubali kituo.

Wengi hawajui kwamba, kwa mujibu wa Sheria za Kanisa, aliyekaa miezi mitatu mahali fulani ana makao ya muda pale, na paroko wa pale ni paroko wake. Asingoje kurudi nyumbani ndipo aungame, wala asifunge ndoa ya serikali kule akidhani sisi tutaitengeneza baadaye. Ajitambulishe Jumapili ya kwanza.

Barua ya utambulisho tunaitoa bure, siku ya Jumanne na Alhamisi. Kijana aje na mzazi wake na nakala ya mkataba, tuusome pamoja. Mkataba usio na jina la shule hatutauandikia barua.