Rubani wa Jeshi na Hesabu za Kichwa

Mtaani Mabawa, hapa Tanga, kijana akileta matokeo ya Kidato cha Nne yenye F ya Hesabu, ndoto ya kwanza kuzikwa ni ile ya kurusha ndege za jeshi. Wazee barazani humshauri atafute fani nyingine, na mwenzake mwenye A hujiona ameshafika kambi ya ndege za jeshi ya Ngerengere. Wote wamekosea kidogo. F ni tatizo kweli, ila si kwa sababu wanayoidhani, na A peke yake haimrushi mtu.

Kuna kazi mbili hapa ambazo watu huzichanganya. Kalkulasi inayoeleza hewa inavyopita kwenye bawa, au milinganyo inayotabiri chuma kitachoka lini, ni ya mhandisi aliyekaa mezani akiwa na kompyuta na miezi ya kufikiri. Rubani hazigusi hizo akiwa angani. Yeye hujumlisha, hutoa, huzidisha, hugawa kwa sitini, na zaidi ya yote hukadiria. Ni hesabu za shule ya msingi pamoja na pembe kidogo za sekondari. Balaa ni kwamba anazifanya mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine kwenye nguvu za injini, redio inasema, mwenzake anaruka ubavuni kwake, na jibu linatakiwa sasa hivi.

Tuchukue safari ya hapa hapa. Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi ule wa Pemba, nje kidogo ya Chake Chake, ni kama maili 45 za baharini, unaelekea mashariki na kushuka kidogo kusini. Tuseme mwanafunzi yumo kwenye ndege ndogo ya mafunzo inayokwenda maili 120 za baharini kwa saa, ambazo marubani huziita noti 120. Hizo ni maili mbili kwa dakika, kwa hiyo safari ni dakika 22 na nusu. Mpaka hapo hata muuza samaki wa Deep Sea angekujibu bila kikokotoo.

Sasa ni Julai, na kusi inavuma kwa noti 20, karibu ubavuni kabisa. Inaisukuma ndege kaskazini, lakini kwa kiasi gani? Darasani utachora pembetatu ya vekta, utafungua jedwali la saini, na kengele italia hujamaliza. Angani hutumika kanuni ya sitini: anayekwenda maili 60 akajikuta nje ya njia kwa maili moja amepotoka takriban nyuzi moja. Basi upepo wa noti 20, zidisha kwa 60, gawa kwa 120, unapata nyuzi kumi. Rubani anageuza pua nyuzi kumi kulia, kule upepo unakotoka, na ndege inakwenda upandeupande huku ikifuata njia iliyonyooka, kama nahodha wa jahazi anavyoelekeza omo pembeni ya bandari anayoiendea. Asipofanya hivyo, akimaliza zile maili 45 atakuwa nje ya njia kwa maili saba na nusu hivi, karibu kilomita 14. Pemba ni ndefu, nchi kavu ataiona. Uwanja ndio atakaoutafuta, na mafuta yanaungua.

Jibu la jedwali la saini, kwa wanaotaka kujua, ni nyuzi 9.6. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuishika ndege kwa usahihi wa sehemu hizo za nyuzi katika upepo wa Julai. Sisi walimu wa hesabu tuna sehemu yetu ya lawama: tunamsifu mtoto aliyefika 9.6 na kumkata alama aliyeandika "karibu kumi", wakati huyu wa pili ndiye angetua Pemba.

Lakini kadirio nalo linataka pa kuanzia. Novemba 1914 Waingereza walikuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, mwenye ndege ya kutua majini. Safari yake ya kwanza aliruka bila dira. Akakutana na mvua, akapotea, akatua kwenye kisiwa kisicho na watu hadi alipofuatwa na meli. Siku chache baadaye aliruka tena na kuiona manowari ile. Ujasiri ulikuwapo tangu siku ya kwanza; kilichokosekana ni dira.

Kwenye ndege za kivita mambo yanakwenda mbio zaidi. Marubani wanaoruka chini chini hupenda kasi zinazogawanyika kwa 60: noti 360, 420, 480. Noti 420 ni maili saba kwa dakika, na hapo jedwali la saba ulilokariri darasa la tatu linakulipa. Kwa mwendo huo Pemba ni dakika sita na nusu tu, na kusi ile ile inakusukuma chini ya nyuzi tatu. Ila ukizubaa sekunde moja, zimekwisha mita 216. Ukilaza ndege nyuzi 60 kwenye kona bila kupoteza kimo, mwili wa kilo 70 unalemea kama kilo 140, na katika hali hiyo hata saba mara nane si rahisi.

Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kulipua ghala la mafuta Mwanza. Mashambulizi yake yakaangukia Kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Kosa liwe la nani, ukubwa wa hesabu yenyewe unatisha: bomu lililoachiwa kutoka mita 3,000 huchukua sekunde kama 25 kufika chini, na tukiacha ukinzani wa hewa, kwa kasi ya noti 420 litakuwa limesonga mbele zaidi ya kilomita tano.

Mtasema siku hizi kompyuta ya ndege inafanya yote. Inafanya, kwa namba ilizopewa. Julai 1983, ndege ya abiria ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa na vipimo vibovu vya mafuta, ikabidi watu wakokotoe wenyewe. Zilihitajika kilo 22,300. Kwa uzito wa lita moja wakatumia 1.77, ambayo ni ya ratili, badala ya 0.8 ya kilo. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta, injini zote mbili zikazimika angani, na rubani akaiteremsha bila injini hadi Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi. Abiria wote walipona. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, nayo huelea juu ya maji. Lita yake itazidije kilo moja? Mtu mwenye hisia ya namba angeshtuka.

Hisia hiyo ndiyo majeshi huitafuta. Jeshi la anga la Uingereza hudai ufaulu wa hesabu wa ngazi inayokaribiana na Kidato cha Nne chetu. Marekani hupokea shahada ya fani yoyote, kisha humpima mtu. Kwetu ubaya wa F ni kwamba inakufungia PCM na PGM, michepuo ya Kidato cha Tano inayounganisha hesabu na fizikia utakayoihitaji baadaye. Inarudiwa, na wengi wameirudia wakafaulu.

Mazoezi hayana gharama. Panda basi la Muheza, chungulia mshale wa kasi. Likienda kilomita 80 kwa saa, kila kilomita ni sekunde 45. Likipunguza hadi 60, dakika nzima. Kadiria mtafika saa ngapi, na ubadilishe jibu kila dereva anapobadilisha mwendo. Ukishazoea, fanya hivyo hivyo huku kondakta anakudai nauli.