Gari la umeme: Piga hesabu ya betri kwanza

Mtu akisikia kuna gari lisilonywa mafuta, tamaa humwingia haraka. Tuipime tamaa hiyo kwa kalamu, tukichukua Nissan Leaf, gari la familia lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010 na ambalo sasa hununuliwa likiwa limetumika.

Leaf hutumia takriban uniti 20 za umeme kwa kilomita 100, ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji. Tukichukua kwamba LUKU ya Sh10,000 inatoa uniti 28 hivi, kilomita hizo zitagharimu Sh7,150. Gari dogo la petroli likila lita nane, na lita moja tukiihesabu Sh3,000, ni Sh24,000. Anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi anaokoa karibu Sh170,000.

Hapo kuna mtego. Wateja wa umeme wa bei nafuu, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wasilihesabu gari kwa bei hiyo. Kilomita 1,000 ni uniti 200. Gari litawatoa kwenye kundi hilo, na hata taa na friji zitalipiwa bei ya juu.

Lakini mwamuzi ni betri. Leaf za mwanzo zina betri ya uniti 24 isiyopozwa kwa maji, na joto huichosha. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Arizona, Marekani, walilalamika kuwa betri zao zimechoka mapema, na baadaye Nissan ikaongeza dhamana. Dar es Salaam nayo si Njombe.

Kwa hiyo ukifika yadi usianze na rangi wala matairi. Washa gari, hesabu vistari vya uwezo wa betri pembeni mwa kipimo cha chaji. Likiwa jipya vilikuwa 12. Vikibaki vinane, karibu theluthi moja imekwenda. Gari lililokuwa likifika kilomita 117 litaishia 75 hivi.

Mwenye duka Kariakoo anayeishi Tegeta anakwenda na kurudi, kisha anachaji usiku kwenye soketi ya nyumbani, umeme ukiwepo. Mwenye shamba Morogoro hafiki hata Chalinze, na matope ya masika hayataki gari lililo chini vile.

Tuseme Leaf imelizidi gari la petroli la umri wake kwa Sh5 milioni, ushuru ukiwamo. Kwa akiba ile, tofauti hurudi baada ya miezi 30 hivi. Betri yenye vistari vinane leo itakuwa na vingapi wakati huo? Kwa bei hiyo, mimi nisingelichukua.