Meloni za Yubari: jina moja, wakulima wengi



Katika namba hii tunawapeleka mbali, mpaka kwenye muji mudogo wa milima kaskazini ya Japani. Unaitwa Yubari, uko kwenye kisiwa cha Hokkaido. Ninyi munaokaa upande wa Ruwenzori munaijua barafu kwa macho, kule juu ya mulima. Yubari yenyewe inaangukiwa na theluji, ni kusema barafu laini kama unga, na inafunika mashamba kwa miezi mingi. Unaweza kusema: hapo mutu hawezi kulima kitu. Lakini mwaka 2019, kwenye mnada wa Sapporo, meloni mbili za Yubari ziliuzwa yeni milioni 5, ni kusema zaidi ya dola 40,000.

Tusidanganyane. Hiyo ni bei ya mnada wa kwanza wa mwaka, wafanyabiashara wanaitoa ili wasikike. Meloni za siku zote haziuzwi vile. Lakini hata za siku zote ziko na bei nzuri, na tunataka kuwaeleza juu ya nini.

Makala ya mawe yalikuja, yakaisha

Yubari ulikuwa muji wa migodi ya makala ya mawe. Mwaka 1960 watu walikuwa zaidi ya 110,000. Kisha petroli ikachukua nafasi ya makala, migodi ikafungwa moja moja, na ule wa mwisho ulifungwa mwaka 1990. Vijana wakaondoka. Wakubwa wa muji wakakopa feza nyingi ili kujenga pahali pa watalii, lakini watalii hawakutosha. Mwaka 2007 muji ukawekwa chini ya uangalizi wa serkali kwa sababu ya deni. Kazi za ofisi ya muji zikapunguzwa, shule za msingi zikaunganishwa, ikabaki moja tu. Mwaka 2020 watu walikuwa wamebaki kama 7,000.

Sisi wa inchi ya migodi tunaelewa vizuri habari ya namna hii. Kitu cha chini ya udongo kikiisha, kimeisha. Lakini kule Yubari, wakati migodi ingali na nguvu, wakulima wachache walikuwa wamekwisha kuanza kazi ingine.

Wakulima walifanya nini?

Mashamba yao yalikuwa madogo, katikati ya milima. Lakini udongo wao uko na majivu ya volkano, maji hayasimami ndani yake. Tena, muchana kunakuwa joto na usiku baridi, na hiyo inaongeza sukari ndani ya tunda. Karibu na mwaka 1960 wakajiunga pamoja, wakachanganya meloni za aina mbili: moja ilikuwa na harufu nzuri na nyama nyekundu lakini sukari kidogo, ingine ilikuwa na sukari nyingi. Mutoto wa hizo mbili ndiye anaitwa Yubari King.

Theluji ingali chini, wao wanapanda mbegu ndani ya nyumba za plastiki zenye kupashwa moto. Mavuno ya kwanza yanatoka mwezi wa 5.

Nguvu iko kwenye koperative

Mutu anaweza kufikiri siri yao ni mbegu tu. Hapana. Siri ni masharti matatu wanayoshika pamoja.

Kwanza, mbegu iko mukononi mwa koperative. Inagawiwa kwa wanamemba tu. Mbegu hiyo ni ya kuchanganywa kila mwaka: ukitoa mbegu ndani ya tunda na kuipanda tena, hautapata tunda lile lile.

Pili, matunda yanapita kwa wakaguzi wa koperative. Wanaangalia umbo, ngozi na sukari, kisha wanayapanga kwa madaraja. Tunda lenye kushindwa halipati jina la Yubari, hata kama ni la mutu mukubwa.

Tatu, jina lenyewe linalindwa na sheria. Mwezi wa 12 mwaka 2015 serkali ya Japani iliandikisha majina 7 ya kwanza ya mazao yenye kufungwa na pahali yanapotoka. Meloni ya Yubari ilikuwa kati yao.

Inauma kuona mavuno yako yanakataliwa, tena na ndugu wa koperative yako. Lakini munielewe vizuri: munuzi hajui jina lako wala la jirani yako. Anajua jina moja tu. Akikuta tunda baya, hasira yake inawaangukia wote.

Meloni haikuponya yote

Muji uliendelea kulipa deni kwa miaka mingi, wakulima wanazeeka, na vijana wa kurizi mashamba ni wachache. Lakini migodi yote ilifungwa, na wakulima wangali wanavuna kila mwaka.

Ya kuzungumuza katika mukutano wenu

1. Mbegu zetu ziko kwa nani? Zikiharibika, tutazitoa wapi?
2. Nani anapima mavuno mbele ya kuuza? Anaweza kukataa gunia la prezida wa koperative?
3. Munuzi akisikia jina la koperative yetu, anafikiri nini?

Musijibu haraka. Swali la pili, mulizungumuze prezida mwenyewe akiwepo.