Je, wajua? Gundi ya nyuki na ini

Ukifungua mzinga pande za Mwera, kusini mwa Mto Pangani, kisu hunasa kwenye gundi ya kahawia kabla hujafika kwenye sega. Nyuki huitengeneza kwa utomvu wa miti na nta, wakazibia nyufa. Hata mjusi aliyefia ndani, akiwashinda kumtoa, humfunika nayo asiwaozee.

Mrina anayetafuta asali na nta tu huikwangua na kuitupa. Maabara hazifanyi hivyo. Katika majaribio mengi, panya waliopewa sumu ya kuharibu ini, au parasetamoli kupita kiasi, hawakuumia sana kama wengine iwapo walilishwa pia gundi hii. Vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo huvuja kwenye damu ini likijeruhiwa, vilipanda kidogo kuliko kwa wenzao. Sifa hupewa flavonoidi na asidi za mimea zilizomo.

Lakini panya si mtu. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo, mengi yakihusu mafuta kwenye ini. Tena gundi hufuata miti: ya Brazili na ya minazini Pangani si dawa moja, hata zikiuzwa kwa jina moja. Kwa hiyo anayekuuzia kichupa akidai kinaponya homa ya ini anakuuzia maneno. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, na aliyemeza parasetamoli nyingi apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado hajisikii vibaya.