Viatu na Chakula cha Mkimbiaji Mpya

Vijana wengi wanaotaka kuanza mbio za masafa marefu huuliza kwanza bei ya viatu, nao wana haki, kwani viatu vya fahari vyaweza kumeza karo ya wadogo wao. Lakini tumkumbuke Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 mjini Roma viatu vipya havikumkaa vema, akaviacha, akakimbia marathoni kwa miguu mitupu na kushinda. Wasimuliaji wengi hukomea hapo. Husahau kwamba mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, naye amevaa viatu na soksi, kwa muda mfupi kuliko ule wa Roma. Basi, swali lifaalo si bei, bali ni kama kiatu chamkaa mtu.

Mimi nilijifunza hayo kwa maumivu. Nilinunua raba Ijumaa jioni, nikaingia nazo mashindanoni Jumamosi asubuhi. Kabla ya maili ya tatu malengelenge yalikuwa yamepasuka. Nilirudi nyumbani nikichechemea, na Jumatatu nikaingia ofisini nimevaa akala mbele ya karani mkuu!

Yafaa kununua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya mchana. Simama wima: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kisigino kisicheze. Kisha tembea navyo siku kadhaa na kukimbia mbio fupi kabla ya kuviamini. Fulana nyepesi na kaptula zatosha.

Kuhusu chakula, hapana haja ya makopo ya dukani. Wataalamu waliopima mlo wa wakimbiaji hodari wa Kenya, na kutoa matokeo yao mwaka 2004, waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu yao yatokana na wanga, yaani ugali, wali, viazi, mkate na sukari ya chai. Maziwa na maharagwe hujenga misuli. Ila usile maharagwe mengi karibu na mbio, tumbo litakuaibisha. Kula chakula chepesi muda wa saa mbili au tatu kabla ya kukimbia, kunywa maji kadiri ya kiu, na umalizapo, uji wa maziwa uwe tayari jikoni.