Makabwela wa Mabango

Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Bungoma ilinunua wilibaro 10, na kila moja ikadaiwa kugharimu shilingi 109,320. Kenya nzima ilicheka. Ilikuwa haki yake kucheka, maana kila aliyewahi kuingia duka la vifaa vya ujenzi alijua kwamba bei hiyo haikuwa ya wilibaro bali ya matumbo ya watu. Kesi ikafika mahakamani, na kwa muda mrefu mtu akijitambulisha kuwa anatoka Bungoma aliulizwa bei ya wilibaro kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

Haukupita muda wilibaro ikarudi, safari hii ikiwa nembo ya chama. William Ruto, wakati huo naibu wa rais, alizunguka nchi akiwagawia vijana vifaa vya kazi, na chama chake cha UDA kikaichukua wilibaro kuwa alama yake, pamoja na wito wa "Kazi ni Kazi". Wanaharakati wa mrengo wa kushoto wakacheka tena. Lakini kicheko cha kwanza kiliwalenga walaji wa mali ya umma; hiki cha pili kiliwaangukia wanaoisukuma. Tulisomesha watoto ili waje wasukume wilibaro? Ndivyo walivyouliza, na hawakusikia kwamba swali lenyewe lilikuwa tusi kwa mtu aliyekuwa anaisukuma tayari.

Nenda soko la Chwele siku ya soko, au soko la Kitale alfajiri magari ya mboga yanaposhusha mizigo. Viazi, vitunguu, kabichi na ndizi vinasafiri kwa wilibaro na mikokoteni, na wengi wa wanaosukuma hawamiliki chombo. Wanakikodi asubuhi na kumlipa mwenyewe jioni, kazi iwepo isiwepo. Kwa mtu huyo kumiliki wilibaro ni kuondokana na deni la kila siku. Sisemi kwamba kugawa wilibaro ni sera ya uchumi. Ilikuwa hongo ya bei nafuu. Hata hivyo Ruto alikiona chombo ambacho mwenzetu wa kushoto, msomaji wa Frantz Fanon, alikiona kichekesho. Agosti 2022 Bungoma ilimpa Ruto kura nyingi. Najua Moses Wetang'ula na Ford-Kenya yake walikuwa na mkono mkubwa zaidi katika hilo kuliko wilibaro yoyote. Lakini waliokuwa na lugha ya ukombozi wa mnyonge hawakupata hata watu wa kuwasikiliza.

Mwanaharakati ninayemzungumzia si mtu mbaya. Mara nyingi ana shahada ya sheria au sosholojia, anafanya kazi na shirika lisilo la kiserikali Nairobi, Kisumu au Eldoret, na akisimama kwenye jukwaa anamnukuu Amílcar Cabral, yule wa Guinea-Bissau aliyeuambia mkutano wa Havana mwaka 1966 kwamba tabaka la mabwanyenye wadogo halina budi kujiua kama tabaka ili lizaliwe upya kama wafanyakazi wa kimapinduzi. Baadhi yao wamelala rumande na kuonja gesi ya machozi zaidi kuliko mimi na wewe. Wengi ni watoto wa hapa hapa, wa walimu wa Kimilili na wa wenye mashamba ya mahindi nje ya Kitale. Ndiyo maana jambo hili linauma: wageni si wao, ila wakirudi wanakuja kama wageni.

Mwangalie anavyofika. Semina iko hotelini, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Ajenda imechapishwa kwa Kiingereza, na mkalimani yuko kama ikibidi. Mama wa miaka sitini anayeuza omena anaitwa "komredi" na kijana ambaye angepaswa kumwita mama, na kumwamkia kwanza. Jioni ikifika, waalikwa wanauliza nauli. Hapo ndipo sura ya komredi inapobadilika. Baadaye, chai ikinywewa na wenzake, utasikia: hawa watu wameharibiwa na posho, hawana msimamo, wanauza kura kwa pakiti ya unga.

Tuchukue hesabu badala ya hasira. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa shambani asiye na ujuzi kuwa karibu shilingi 8,000 kwa mwezi. Ndicho cha kisheria. Mwenye kujua mashamba ya Trans Nzoia wakati wa palizi anajua ni wangapi wanakipata. Mtu wa namna hiyo akikaa kwenye kiti cha hoteli kutwa nzima kusikiliza ugatuzi na haki za kikatiba, amepoteza kibarua cha siku. Mwezeshaji aliye mbele yake analipwa kuwa pale, na dereva wa shirika vilevile. Anayeitwa mla posho ni yule mmoja ambaye asipopewa chochote atalala na njaa.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu hawapendi liguswe. Magharibi ya Kenya, hasa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, kwa miaka mingi imeipelekea Nairobi walinzi, wapishi na wasichana wa kazi. Vichekesho vya televisheni vimejitajirisha kwa lafudhi ya mlinzi Mbukusu na mapenzi yake kwa ugali. Mwanaharakati anayechapisha makala dhidi ya ubeberu hucheka vichekesho hivyo sebuleni, huku chai ikiletwa na binti wa Kiminini. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kiliwekwa Novemba 2024 kuwa zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Uliza kimya kimya, kwenye nyumba za makomredi, ni wangapi wanalipa hizo.

Dharau hii ina historia, na historia yenyewe iko karibu nasi. Elijah Masinde, mchezaji kandanda wa zamani kutoka Kimilili na mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alipokataa amri za wakoloni, serikali ilimpeleka mwaka 1945 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alitoka mwaka 1947 na kuendelea pale alipoachia. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi na kuua watu 11. Ujumbe wake ulisafiri hadi Trans Nzoia, kwa vibarua na maskwota wa mashamba ya walowezi, watu ambao ardhi ya baba zao ilikuwa imegawiwa maafisa wa jeshi la Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wengi wa wasomi wa misheni waliona haya. Mwendawazimu huyu angewaaibisha mbele ya Mzungu. Uhuru ulipokuja, serikali ya Mwafrika nayo ikaipiga marufuku dini yake mwaka 1968 na kumrudisha Masinde jela zaidi ya mara moja.

Sasa wanaharakati wamemkumbatia, lakini wamemnyoa kwanza. Wanamtaka mpigania uhuru bila dini yake, bila mizimu, bila kafara wala mlima mtakatifu. Ni desturi ile ile inayowafanya wamwonee aibu kibarua wa leo anayekwenda kanisa la Marafiki au la Kipentekoste kila Jumapili na kutoa fungu la kumi. Watakwambia dini inawalaza watu. Wala hawaulizi mbona chama cha akina mama wa kanisa ndicho kinachonunua jeneza, kulipa karo na kumtoa mtu polisi, wakati ofisi ya shirika imefungwa wikendi.

Katikati ya miaka ya tisini mambo yalikuwa machungu zaidi. Serikali ya Daniel arap Moi ilidai kuna jeshi la msituni liitwalo FERA, lililobeba jina la tarehe 18 Februari, siku Dedan Kimathi wa Mau Mau aliponyongwa mwaka 1957. Aliyetajwa kuwa kiongozi, Brigedia John Odongo, alikuwa Uganda na hatimaye akapelekwa Ghana. Waliokamatwa usiku, wakapigwa na kuteswa, wengi wao walikuwa watu wa kawaida wa Bungoma. Baada ya miaka mingi baadhi yao waliishtaki serikali na mahakama ikaamuru walipwe fidia. Ukisoma kumbukumbu za kile tunachokiita ukombozi wa pili, yaani mapambano ya kudai vyama vingi, utakutana na wahadhiri, mawakili na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kurasa kwa kurasa, na wanastahili. Wakulima wa Bungoma wanatajwa kwa jumla tu, kama vile mvua au njaa hutajwa.

Si Kenya peke yake. George Orwell, alipotumwa kwenda kuwatazama wachimba makaa wa kaskazini mwa Uingereza, alitoa mwaka 1937 kitabu ambacho nusu yake iliwachambua wasoshalisti wenzake wa tabaka la kati. Mchapishaji wake, Victor Gollancz, mwenyewe mtu wa kushoto, aliona ni lazima aandike dibaji ya kujitenga na sehemu hiyo. Waliochomwa walipiga kelele, na wachimba makaa wakaendelea kushuka migodini.

Mtihani halisi, hata hivyo, haupo vitabuni. Upo Webuye na Bukembe.

Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifunguliwa Webuye mwaka 1974. Kilitoa ajira, kikatoa pia moshi wenye harufu ya mayai viza, kikamwaga uchafu katika Mto Nzoia, na mabati ya nyumba za mji yakaliwa na kutu kabla ya wakati wake. Watetezi wa mazingira walikilaani, na hoja zao zilikuwa za kweli. Mwaka 2009 kikafungwa. Hewa ikasafika na mji ukafa: nyumba za kupanga zikabaki tupu, hoteli zikafungwa, vijana wakapanda mabasi. Mtu wa Webuye aliyeulizwa alikuwa na malalamiko mawili kwa pamoja, kwamba kiwanda kilimuumiza kifua na kwamba kufungwa kwake kulimuumiza tumbo. Hakuona mgongano wowote hapo. Mwanaharakati alijua lalamiko moja tu, na alipoelezwa la pili alidhani ni ujinga, au ni propaganda ya mwenye kiwanda. Suluhisho ambalo wafanyakazi wangelitaka, yaani mitambo ya kusafisha moshi na maji huku kazi ikiendelea, halikupata bango.

Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoko Bukembe, ni somo jingine. Kampuni hii ya umma iliundwa mwaka 1975 na ikaanza kusaga miwa mwaka 1978. Kwa miaka mingi ya karibuni ilikuwa inadaiwa mishahara ya miezi na miezi, na migomo ilikuwa ya kawaida. Mei 2025 serikali iliikodisha kwa kampuni ya West Kenya, sambamba na viwanda vingine vitatu vya umma vilivyopewa wawekezaji. Mrengo wa kushoto ulipaza sauti dhidi ya ubinafsishaji, na mimi mwenyewe siamini kwamba mali ya umma inapaswa kugawanywa hivyo kwa wachache. Lakini wakulima wengi walikuwa wameshaanza kuviuzia viwanda vya binafsi miwa yao kwa sababu vililipa upesi. Swali la mfanyakazi wa Bukembe lilikuwa kavu: mshahara wangu wa nyuma atanilipa nani? Na mkata miwa, ambaye huajiriwa na kontrakta na hayumo katika daftari la kiwanda, hakuwa hata na pa kuuliza. Tamko lolote kuhusu ubepari mamboleo ambalo halianzi na swali hilo ni hotuba ya watu wa Nairobi kwa watu wa Nairobi.

Juni 2024 ilionekana kana kwamba ukuta huu umebomoka. Mswada wa Fedha ulitaka ushuru wa asilimia 16 juu ya mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na maandamano yakavuka Nairobi hadi miji ya magharibi. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bunge; siku iliyofuata rais alitangaza hatautia saini. Hapo, kwa siku chache, mwenye simu ya bei kubwa na kibarua walikimbia gesi ile ile.

Mwaka uliofuata ulitufichua. Tarehe 17 Juni 2025 polisi alimpiga risasi Boniface Kariuki, mchuuzi wa barakoa, wakati wa maandamano katikati ya Nairobi. Alifariki tarehe 30. Utetezi uliosikika kila mahali, kwa nia njema kabisa, ulikuwa kwamba hakuwa akiandamana, alikuwa akiuza tu. Kana kwamba mtu anayelazimika kuuza barakoa kati ya risasi na mabomu ya machozi yuko nje ya habari, na kana kwamba kuuza kwake hakukuwa sababu ya maandamano yenyewe. Siku hiyo hiyo wahuni waliopanda pikipiki waliwashambulia waandamanaji, na tangu hapo nimesikia bodaboda wote wakilaaniwa kama tabaka la wauaji wa kukodi. Anayekodiwa kwa shilingi elfu mbili ahukumiwe kwa alilotenda. Ila mtu wa kushoto asiyejiuliza kwa nini elfu mbili zinatosha amesahau somo lake la kwanza.

Mfano mwema tunao. Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walileta tamthilia mbele ya wakulima na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, nao wakairekebisha: lugha, nyimbo, kumbukumbu za vita. Wasomi walikubali kukosolewa. Serikali iliona hatari yake mara moja. Iliupiga marufuku mchezo, ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini, na mwaka 1982 ikabomoa ukumbi. Semina za hotelini hazijawahi kubomolewa na mtu.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na magari ya elimu ya uraia yataanza kuonekana barabara ya Kitale na Webuye muda si mrefu. Mnakaribishwa, wenzetu. Njooni Jumapili mchana watu wakiwa nyumbani, ongeeni Kiswahili au Kibukusu, toeni nauli bila kununa, na mikutano ifunguliwe na mkata miwa kabla ya mtaalamu. Na aliye na mfanyakazi wa nyumbani Nairobi amlipe kwanza shilingi zake 16,000 kabla hajapanda basi la kuja huku.